Leza Haizibui Mshipa

Shangazi yangu aligundua kwa mchele. Alikuwa amekaa barazani kwake Morogoro, ungo mapajani, anachagua mchele wa mchana, mdudu akamwingia jicho la kushoto. Akalifumba na kulifikicha huku akiendelea kuchagua kwa jicho la kulia peke yake. Hapo ndipo alipoona kwamba nusu ya chini ya ungo haipo. Mchele wa upande wa mbali aliuona punje kwa punje. Ule wa karibu na tumbo lake ulikuwa kama umefunikwa na moshi wa kuni mbichi. Jicho halikuuma, halikuwa jekundu, halikutoa hata chozi. Akifungua macho yote mawili ungo ulirudi kuwa mzima, ndiyo maana hakuweza kumwambia mtu hali ile ilianza lini.

Duka la dawa lilimpa matone. Jirani akamwambia huo ni mtoto wa jicho unaanza, asubiri ukomae. Akasubiri wiki tatu. Nilipompeleka hospitali Dar es Salaam, muuguzi alimfunga ile mashine ya presha mkononi kabla hata ya kumwuliza habari za jicho, ikasoma 184 kwa 108. Daktari akamtia dawa ya kupanua mboni, akamchungulia nyuma ya jicho, kisha akasema: mshipa mmoja wa retina umeziba, huenda tukahitaji sindano, huenda tukahitaji leza, tutaona. Tulipofika getini kundi la familia kwenye simu lilikuwa limeshachemka. Mdogo wangu aliandika: "Shangazi anaenda kuzibuliwa mshipa wa jicho kwa mionzi. Tumwombee."

Maombi hayakuwa na kosa. Sentensi ya kwanza ilikuwa na makosa mawili, na tangu siku ile nimeyasikia kwa watu wengi, wakiwemo wasomi.

Nianze na jepesi. Mtu wa Dar akisikia "kuchomwa mionzi," mawazo yanakwenda Ocean Road, kwenye saratani. Shangazi alilala usiku mzima akiamini amefichwa ugonjwa. Leza ya macho haihusiani na mionzi ile wala na eksirei. Ni mwanga wa kawaida kabisa, mara nyingi wa kijani, ambao jicho linauona. Tofauti yake na mwanga wa taa ni nidhamu: mawimbi yake yote ni ya rangi moja na yanakwenda njia moja bila kutawanyika, hivyo unaweza kuyakusanya kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha pini. Nywele hazinyonyoki kwa leza ya jicho, na mwili haubaki na chochote cha kuogopwa.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike. Leza haizibui mshipa. Kinachofanyika ni kitu cha ajabu zaidi, na mgonjwa asiyekielewa atatoka kwenye kile chumba akidhani ametapeliwa, kwa sababu ataangalia ukutani kesho yake na kuona hajapona.

Retina ni utando unaolala nyuma ya jicho, mwembamba kuliko nusu milimita, na ndio unaopokea picha. Damu inaingia kwa ateri, inasambaa kwenye vimishipa vidogo mno, kisha inakusanywa na vena na kutolewa nje. Tunapozungumza juu ya mshipa ulioziba hapa tunazungumza juu ya vena, mshipa wa kutolea. Ateri ikiziba ni ugonjwa mwingine, wa ghafla na mkali zaidi, sawa na bomba la maji kukatika: nyumba inakauka. Vena ikiziba ni mtaro wa mbele ya nyumba kujaa taka wakati wa masika. Maji yanaendelea kuja, hayana pa kwenda, yanarudi nyuma na kuingia sebuleni. Aliyewahi kuishi bondeni Msimbazi hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Kwa nini inaziba? Jibu liko kwenye makutano. Ateri na vena za retina zinapishana sehemu nyingi, na pale zinapopishana zimevikwa ala moja, zimebanana kama watu wawili ndani ya shuka moja. Presha ikikaa juu kwa miaka, ukuta wa ateri unakuwa mgumu na mnene. Ateri inamlalia mwenzake. Damu ndani ya vena inabanwa, inazunguka badala ya kutiririka, na mwisho inaganda. Hali hiyo ikitokea kwenye tawi moja, linaathirika eneo la tawi hilo tu. Mara nyingi ni tawi la juu, upande wa sikio, na kwa kuwa picha ndani ya jicho inaingia kichwa chini miguu juu, mgonjwa anapoteza sehemu ya chini ya anachokiona. Ndiyo habari ya ungo. Ikiziba vena kuu yenyewe, pale inapotoka jichoni pamoja na mshipa wa fahamu, retina yote inafurika.

Presha ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kisukari, mafuta mengi kwenye damu, sigara na glakoma wanafuata. Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Glakoma tunaiita "presha ya macho," basi mgonjwa akiambiwa ana presha na jicho limeharibika anadhani ni kitu kimoja, anatumia matone ya jicho na kuacha vidonge vya presha ya mwili. Ni vitu viwili: moja ni msukumo wa maji ndani ya jicho, nyingine ni msukumo wa damu mwili mzima. Shangazi alikuwa na ya pili na alikuwa ameacha vidonge tangu mfungo wa Ramadhani kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anajisikia vizuri.

Mafuriko yale yanaleta shida mbili, na lazima tuzitenganishe, maana leza inatendea kila moja kwa namna yake.

Shida ya kwanza ni uvimbe. Maji na damu vinavuja kutoka kwenye vimishipa vilivyoelemewa na kulowesha makula, kile kisehemu cha katikati ya retina tunachotumia kusomea, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua uso wa mtu. Makula ikilowa, herufi zinapinda na sura zinafifia.

Shida ya pili ni njaa. Vimishipa vingine havivuji tu, vinakufa, na eneo la retina linabaki bila oksijeni. Retina yenye njaa hainyamazi. Mwaka 1948 daktari Isaac Michaelson alipendekeza kwamba lazima kuna kemikali inayotolewa na retina ya aina hiyo, inayoita mishipa mipya iote. Ilichukua miongo minne kuipata: ni protini iitwayo VEGF, iliyotengwa mwaka 1989 na Napoleone Ferrara na wenzake huko California. Wito wenyewe una nia njema, ila mishipa inayoitika ni dhaifu kama kibanda cha makuti wakati wa kimbunga. Inaota mahali isipotakiwa, inapasuka, inamwaga damu kwenye ute unaojaza jicho, na mtu anaona pazia jeusi linashuka. Mbaya zaidi, inaweza kuota mbele, kwenye ule mduara wenye rangi unaozunguka mboni, na kuziba mahali maji ya jicho yanapotokea. Hiyo inazaa glakoma ya maumivu makali, ambayo madaktari wa zamani waliiita glakoma ya siku 100, kwa kuwa hupenda kuja kama miezi mitatu baada ya vena kuu kuziba.

Sasa mwanga unaingiaje katika habari hii? Kwa mlango wa ajali.

Wengi wetu tunakumbuka Septemba 1, 2016, pale Rujewa wilayani Mbarali, watu walipomiminika kutazama jua likipatwa hadi kubaki pete. Redio zote zilionya: usitazame kwa macho makavu. Onyo hilohilo lilipuuzwa Ujerumani mwaka 1945, vita ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, jua lilipopatwa Julai 9. Daktari kijana wa macho mjini Hamburg, Gerd Meyer-Schwickerath, alimpokea mwanafunzi wa udaktari aliyelitazama jua lile na kuunguza makula. Alipochungulia ndani aliona kovu dogo, safi, lenye mipaka. Mwingine angeandika "ameungua" na kumwita mgonjwa anayefuata. Yeye akawaza: kama jua linaweza kuchoma nukta moja ya retina bila kugusa kingine chochote, si tunaweza kuchoma pale tunapotaka sisi?

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa amepandisha vioo juu ya paa la hospitali, analinasa jua na kulielekeza ndani ya jicho la mgonjwa, ili kushonea matundu ya retina kwa makovu. Ilifanya kazi. Tatizo ni kwamba Hamburg si Dodoma, mawingu yalikuwa yanaamua nani atibiwe lini. Akahamia kwenye taa za umeme wa kaboni, kisha katikati ya miaka ya 1950, akishirikiana na kampuni ya Zeiss, kwenye taa ya gesi ya zenoni. Mwanga wake ulikuwa mkali lakini mpana, unachoma doa kubwa, na mgonjwa alihitaji sindano ya ganzi nyuma ya jicho.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, kwa kipande cha yakuti nyekundu. Mwaka uliofuata tu ilikuwa imeshaingia kwenye jicho la mgonjwa huko New York. Lakini mwanga mwekundu haukufaa sana kwa kazi ya mishipa. Mwaka 1968 Francis L'Esperance alianza kutibu watu kwa leza ya gesi ya agoni, yenye mwanga wa bluu na kijani, na tangu hapo rangi ya kijani haijaondoka kwenye kliniki za macho.

Nikwambie kwa nini kijani, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Mwanga unapita kwenye kioo cha mbele cha jicho, kwenye lensi na kwenye ute bila kuacha joto lolote, kwa kuwa vyote hivyo ni angavu. Unafika nyuma na kukuta tabaka la chembe nyeusi zilizo chini ya retina, zilizojaa melanini ileile inayotia ngozi rangi. Nyeusi inanywa mwanga, kama bati jeusi juani. Joto linapanda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, au chini ya hapo, na doa dogo linapikika, linageuka jeupe kama ute wa yai unapoanza kushika kwenye kikaango. Basi. Daktari anasogeza nukta na kupiga tena. Watu weusi tuna melanini nyingi zaidi nyuma ya jicho, kwa hiyo daktari anayejua kazi yake huanza na nguvu ndogo na kupandisha polepole.

Damu nayo inanywa kijani. Ndiyo sababu daktari hakumpiga shangazi leza siku ileile ingawa tulikuwa na haraka. Retina ikiwa bado imejaa damu mbichi, joto linabaki juu juu na kuunguza nyuzi za fahamu badala ya kufika chini. Lazima damu ifyonzwe kwanza. Mdogo wangu alilalamika kwamba wanatuzungusha. Hawakuwa wanatuzungusha.

Na wala hakuna mahali katika maelezo hayo ambapo mwanga umegusa lile donge la damu lililoziba vena. Haukupelekwa huko. Kuupiga mshipa wenyewe kungeweza kuupasua au kuuziba zaidi. Kinachochomwa ni retina.

Ndiyo, retina yenyewe, yenye uhai. Hapo watu hushtuka. Tuchukue hali ya njaa kwanza. Chembe zinazopokea mwanga ndizo walafi wakubwa wa oksijeni katika jicho, na ziko chini kabisa, karibu na lile tabaka jeusi. Daktari akichoma madoa mamia kadhaa katika eneo ambalo tayari limenyimwa damu, amepunguza midomo ya kulishwa. Oksijeni inayopanda kutoka tabaka la mishipa lililo chini ya retina, iliyokuwa ikiishia kwa walafi wale, sasa inapenya kwenye makovu na kuwafikia waliobaki juu. Njaa inapungua, kelele za VEGF zinapungua, mishipa mipya inanyauka. Ni kama wakati wa ukame mfugaji anapouza nusu ya kundi ili nusu iliyobaki ipate majani. Hakuna mvua iliyoletwa. Kundi limepunguzwa lilingane na malisho.

Kwa uvimbe wa makula mbinu ni nyingine: madoa mepesi, madogo, yaliyopangwa kama vyumba vya bao kuzunguka katikati ya makula, bila kuigusa katikati yenyewe. Namna hasa yanavyokausha maji ni jambo ambalo wataalamu wamelibishania kwa miaka, ila yanakausha, angalau kwa baadhi ya watu.

Kwa watu gani? Wamarekani waliamua kupima badala ya kubishana. Utafiti wa kuziba kwa matawi ya vena uliotangazwa mwaka 1984 ulichukua macho 139 yenye makula iliyovimba, nusu yakapigwa leza, nusu yakaachwa. Baada ya miaka mitatu, macho 65 katika kila 100 yaliyopigwa leza yalikuwa yamepanda mistari miwili au zaidi kwenye chati ya herufi. Yaliyoachwa, 37 katika kila 100. Watu wanaoutaja utafiti huu hukimbilia 65. Mimi nakaa kwenye 37. Zaidi ya mtu mmoja katika watatu alipata nafuu bila kufanyiwa chochote, na hao ndio wanaojaza ushuhuda wa dawa za majani na maji ya upako. Ndiyo maana pia watafiti walisubiri angalau miezi mitatu kabla ya kuchoma.

Ripoti ya mwaka 1986 ilihusu njaa. Leza iliyotawanywa kwenye eneo lililoathirika ilipunguza karibu kwa nusu uwezekano wa mishipa mipya kuota, na kwa wale ambao ilikuwa imeshaota, ilipunguza karibu kwa nusu uwezekano wa damu kumwagika ndani ya jicho. Ushauri wao haukuwa kumchoma kila mtu mapema. Walisema subiri, mchunguze mgonjwa mara kwa mara, choma mishipa mipya ikionekana. Ushauri mzuri kwa mtu anayeishi hatua mbili kutoka hospitali.

Vena kuu ilikataa utii. Mwaka 1995 utafiti kama huo juu ya vena kuu ulionyesha kwamba madoa ya leza yalipunguza uvimbe kwenye picha, lakini mgonjwa hakuona vizuri zaidi. Picha nzuri, macho yaleyale. Tangu hapo leza kwa uvimbe wa vena kuu imeachwa. Kwa mishipa mipya kwenye mduara wa rangi, hata hivyo, leza ilibaki kuwa kinga ya jicho, na hapo hutawanywa retina nzima, madoa 1,200 hadi 1,600 au hata zaidi. Kwa sababu hiyo daktari mzuri huangalia ukingo wa mboni kabla ya kutia dawa ya kuipanua. Mishipa mipya mara nyingi huanza hapohapo pembeni, na mboni ikishapanuka haionekani.

Haki inanidai niseme kwamba yuko mtu aliyejaribu kweli kutumia leza kutoa maji. Ian McAllister wa Perth, Australia, alielezea mwaka 1995 njia ya kupiga leza kali kwenye ukuta wa vena ndogo na utando ulio chini yake, ili damu ya vena ipate tundu la kushukia kwenye mishipa ya tabaka la chini. Hata yeye hakuzibua kitu, alichimba mtaro wa pembeni. Kwa baadhi mtaro ulishika na uvimbe ukapungua. Lakini kwa wengine tundu lilialika mishipa mipya au lilimwaga damu, na njia hiyo haijawahi kuwa ya kila siku.

Kisha ikaja sindano. Kama VEGF ndiyo inayopiga kelele na ndiyo inayovujisha mishipa, kwa nini usiizibe mdomo moja kwa moja? Mwaka 2010 dawa ya ranibizumab iliidhinishwa Marekani kwa uvimbe unaotokana na vena kuziba, aflibercept ikafuata. Utafiti mmoja ulizishindanisha uso kwa uso, aflibercept dhidi ya leza, kwa watu wenye tawi lililoziba. Baada ya wiki 24, waliopanda mistari mitatu walikuwa kama 53 katika kila 100 upande wa sindano na 27 upande wa leza. Mjadala wa uvimbe ukaishia pale. Leo, kwa makula iliyovimba, sindano ndiyo inayotangulia, na leza ya bao imerudi benchi.

Sindano ina bei na ina safari. Dawa haikai, inaisha nguvu ndani ya wiki chache, na uvimbe unaweza kurudi. Mgonjwa anaitwa kila mwezi mwanzoni. Kinachotuokoa huku kwetu ni bevacizumab, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo, ambayo chupa yake moja inagawanywa kuwa dozi nyingi ndogo za jicho. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho mwaka 2013. Mtu akisoma karatasi ya ndani ya boksi na kukuta neno saratani, arudi kwenye kisa cha mionzi hapo juu na atulie.

Lakini wazia mtu anayetoka Mpanda au Masasi. Nauli, malazi, msindikizaji, siku za kazi zilizopotea, na hayo yote mara sita kwa mwaka. Leza inapigwa kikao kimoja au viwili na kovu lake halitoki. Kwa mishipa mipya, kwa mgonjwa ambaye daktari anajua moyoni kwamba hatarudi mwezi ujao, naona leza bado ni dawa ya heshima, hata kama vitabu vipya vinaizungumzia kwa sauti ya chini. Ninachokataa ni kinyume chake: mgonjwa wa uvimbe kupigwa leza kwa sababu tu mashine ipo na friji ya dawa ni tupu, bila kuambiwa kwamba ipo njia iliyo bora.

Shangazi alipigwa sindano tatu, mwezi kwa mwezi. Baada ya ya pili alianza kuona nusu ya chini ya ungo, kwanza kama kivuli chenye punje, halafu punje zenyewe. Vidonge vya presha akavirudia kwa ukali wa mtu aliyetishwa. Katika mwezi wa tano wa matibabu wakamchoma rangi ya njano mkononi na kupiga picha damu ikipita nyuma ya jicho. Tulionywa mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, na ulikuwa. Picha zilionyesha eneo la juu lililo giza, lisilo na vimishipa, na pembeni mwake kishada cha mishipa kinachovujisha rangi kama kalamu mbovu. Hapo leza ikapata kazi yake.

Niliruhusiwa kusimama mlangoni. Kuna darubini ya mezani, unaweka kidevu na paji la uso, daktari yuko upande wa pili. Matone ya ganzi, kisha lensi nene yenye jeli inagusishwa kwenye jicho ili lisifumbe wala kucheza. "Mama, tazama sikio langu. Taa usiitafute," daktari alisema, na alilirudia hilo mara nyingi kuliko lolote jingine, maana jicho likiufuata mwanga, makula inaingia kwenye njia ya risasi. Taa ya chumba ikazimwa. Tik, tik, tik. Kila tik mweko wa kijani ukutani nyuma ya kichwa chake. Mara chache alishtuka na kusema kumechoma kama mwiba, daktari akapunguza nguvu. Dakika 15 hivi. Alipotoka aliona kila kitu kina rangi ya waridi, mimi nikiwemo, ikapita baada ya kama nusu saa. Tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba leza hii haitamwongezea kuona, kwamba huenda usiku na pembeni akaona kidogo pungufu. Ni ya kuzuia pazia lisishuke. Nilifurahi kwamba walisema kabla, si baada.

Kwenye zile picha za rangi kulikuwa na mishipa mingine ya ajabu iliyojikunja kama mizizi, nikamwonyesha daktari kwa kidole, nikidhani ameisahau. Akanisahihisha bila kuudhika. Hiyo haivujishi, alisema, tazama ukingo wake ulivyo safi. Hiyo siigusi, ndiyo inayomsaidia.

Shangazi alikuwa anajifuta machozi ya dawa kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo, daktari, mshipa wangu umeshazibuka?"

"Hapana, mama. Ule umeziba. Damu imejitafutia vichochoro, inazungukia upande wa pili."

Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza mimi kama vidonge vya presha vya mwezi huu nimevichukua dirishani au bado.